NYUMBA YA MTUMISHI SI OFISI YA UMMA

Katika toleo hili tunapenda kuzungumza nanyi juu ya biashara moja ambayo wengi wetu hatuioni kwa macho, lakini inafanyika kila siku, na bidhaa inayouzwa ni sisi wenyewe. Tumezoea madalali wa namna nyingi. Tunamjua dalali wa nyumba, dalali wa ng'ombe mnadani, na dalali wa mazao anayemngoja mkulima njiani kabla hajafika sokoni. Huyu tunayemsema leo hauzi nyumba wala ng'ombe. Anauza habari za watu: jina lako, mtaa unaolala, namba yako ya simu, majina ya jamaa zako, gari unaloendesha, deni unalodaiwa. Mwenye jina hakuulizwa, hakulipwa, na mara nyingi hajui hata kwamba ameuzwa.

Habari nyingi za makala haya zinatoka Marekani. Huko biashara hii imekomaa kuliko kwingine, na huko ndiko imekwisha kusaidia kumwaga damu. Hatuendi mbali kwa kupenda mambo ya mbali. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

JUMAPILI YA TAREHE 19 JULAI 2020

Esther Salas ni jaji wa mahakama ya shirikisho katika jimbo la New Jersey. Siku hiyo ya Jumapili alikuwa nyumbani kwake, katika mji wa North Brunswick, pamoja na mumewe na mtoto wao wa pekee, Daniel Anderl. Daniel alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, na alikuwa ametimiza miaka 20 siku chache tu kabla. Jioni kengele ya mlango ikalia. Aliyesimama nje alikuwa amejifanya tarishi wa kuleta vifurushi. Mlango ulipofunguliwa alipiga risasi. Daniel alikufa. Baba yake alijeruhiwa vibaya, akapona. Jaji mwenyewe alikuwa katika chumba cha chini ya nyumba, hakuguswa.

Muuaji alikuwa wakili ambaye aliwahi kuleta kesi mbele ya jaji huyo. Baadaye alijiua. Jaji Salas, akiwa bado katika msiba, alijitokeza hadharani akaeleza kwamba mtu yule alikuwa amekusanya faili zima juu yake na jamaa yake: nyumba wanamokaa, njia anazopita kwenda kazini, kanisa wanakosali. Wala habari za namna hiyo, alisema, si ngumu kuzipata. Hakuna kabati la serikali lililovunjwa, wala karani aliyepewa rushwa. Zipo, na mwenye kuzitaka anazipata.

Wahenga walisema, mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Daniel hakuwa amemhukumu mtu yeyote. Alikwenda tu kufungua mlango wa kwao.

Hapa tutenganishe mambo mawili. Kazi ya jaji ni ya umma. Jina lake liwe wazi, hukumu zake zisomwe, mshahara wake ujulikane, na asiyeridhika akate rufani. Ndivyo ilivyo pia kwa afisa wa kodi, mwalimu, muuguzi, karani wa wilaya na mkaguzi wa viwanda. Wanalipwa na wananchi, nao wananchi wana haki ya kuuliza wanafanya nini. Lakini ofisi ina mlango wake, ina saa zake za kufungua na kufunga, na mara nyingi ina askari. Nyumbani kuna mama mzee, kuna mtoto anayefanya kazi za shule, kuna mtu aliyelala baada ya zamu ya usiku. Mshahara wa mtumishi unanunua kazi yake ya mchana. Haununui usingizi wa watoto wake.

DALALI ANAPATA WAPI BIDHAA YAKE

Watu wengi hudhani kwamba dalali wa habari ni mwizi. Laiti angekuwa mwizi, kazi ya kumkamata ingekuwa nyepesi. Sehemu kubwa ya bidhaa yake anaiokota mahali pa halali. Katika majimbo mengi ya Marekani hati za viwanja na nyumba zinasomwa na yeyote. Daftari la wapiga kura hununuliwa. Kesi za mahakamani, ndoa na talaka huandikwa katika vitabu vya umma. Dukani mteja hupewa kadi ya punguzo la bei, na kila anachonunua kinaandikwa. Akinunua redio au jokofu hujaza karatasi ya dhamana, na humo anaandika jina na mtaa wake. Siku hizi simu ya mkononi nayo inaeleza mwenyewe alikuwa wapi saa ngapi.

Kila kipande peke yake ni kidogo. Karani wa ardhi anajua kiwanja chako, hajui dawa unazonunua. Mwenye duka la dawa anajua maradhi yako, hajui kanisa wala msikiti wako. Dalali anavikusanya vyote, anavipanga chini ya jina moja, na kuvitia bei. Haba na haba hujaza kibaba. Kibaba hicho hakijazwi kwa faida yako.

Ukubwa wa biashara hii ulielezwa mwaka 2014, pale Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilipochunguza makampuni tisa ya madalali. Iligundua kwamba kampuni moja peke yake ilikuwa na mafungu 3,000 ya habari juu ya karibu kila mnunuzi wa nchi ile. Nyingine ilikuwa na kumbukumbu za manunuzi bilioni 1.4. Watu wengi waliotajwa humo hawakuwahi hata kusikia majina ya makampuni hayo.

Wenzetu wa mashambani tukiwaeleza jambo hili hucheka kidogo. Husema: "Sisi tunaishi laini moja, milango inatazamana. Kila mtu anajua nani analala wapi, nani kapika nini. Siri gani tena mnayotuambia?" Ni swali zuri, na linastahili jibu. Jirani anayejua kwako, nawe unajua kwake. Akija usiku kwa ubaya utamtambua sauti, na kesho wazee watamwita. Kujuana huko ni kwa pande mbili, na ndiko kunakotulinda. Lakini anayenunua habari zako kwa dalali anakujua wewe, nawe humjui. Hujui ametoka wapi, hujui ana nia gani, hujui amelipa kiasi gani. Yeye yuko gizani, wewe umewekwa kwenye taa.

Mfano wake mchungu ulitokea katika mji wa Nashua, jimbo la New Hampshire, mwaka 1999. Kijana mmoja alikuwa akimwinda msichana ambaye hakuwa na habari naye. Alinunua kwa kampuni ya kutafuta watu jina la mahali anapofanya kazi msichana huyo, kwa dola 109. Kampuni ilimtuma mtu ampigie msichana simu na kumdanganya mpaka akajitajia mwenyewe mahali pake pa kazi. Muuaji alikwenda akamngoja nje, akamwua alipokuwa akitoka kazini. Mwaka 2003 mahakama kuu ya jimbo hilo ilitamka kwamba anayeuza habari za mtu ana wajibu wa kufikiri madhara yanayoweza kumpata mtu huyo. Tangu siku ile hakuna dalali anayeweza kusema kwa moyo safi, "Mimi nauza tu, mnunuzi ndiye anayejua."

SHERIA ILIYOZALIWA NA MSIBA

Kwa muda mrefu Marekani imekuwa ikitunga sheria hizi baada ya maziko. Mwaka 1989 mwigizaji kijana wa michezo ya televisheni aliuawa mlangoni kwake, Los Angeles. Muuaji alikuwa ameipata anwani yake kwa kumlipa mpelelezi wa binafsi, naye mpelelezi aliipata kwenye ofisi ya leseni za magari. Mwaka 1994 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuzuia ofisi za magari kutoa ovyo habari za madereva. Sheria hiyo ilisaidia, lakini iliacha matundu mengi kwa watu wenye ruhusa maalumu. Vile vile ilifunga dirisha moja katika nyumba yenye madirisha mia.

Baada ya kifo cha Daniel, mama yake hakunyamaza. Tarehe 20 Novemba 2020, miezi minne baada ya msiba, Gavana Phil Murphy wa New Jersey alitia sahihi sheria inayoitwa kwa jina la kijana huyo, Sheria ya Daniel. Iliwalinda majaji, waendesha mashtaka na askari polisi, walio kazini na waliostaafu, pamoja na jamaa wanaokaa nao nyumba moja. Baadaye wakaongezwa wachunguzi wa idara ya kulinda watoto. Utaratibu wake si mgumu kuueleza. Mtumishi anaiandikia kampuni kwamba anwani ya nyumba yangu, au namba ya simu yangu isiyotangazwa, iondoeni. Kampuni ina siku kumi za kazi kufanya hivyo. Ikikataa, inaweza kushtakiwa na kulipa si chini ya dola 1,000 kwa kila kosa.

Mwezi Desemba 2022 Rais Joe Biden naye alitia sahihi sheria ya nchi nzima, yenye jina la Daniel Anderl, ya kuwalinda majaji wa shirikisho na jamaa zao. Humo madalali wa habari wametajwa waziwazi, wakakatazwa kuuza habari hizo.

Tuangalie hiyo faini ya dola 1,000. Sheria nyingi za kazi tunazozijua zinasema "haitaruhusiwa" na kuishia hapo. Tajiri akiisoma anacheka, kwa kuwa haina meno. Hii ya New Jersey ilitiwa meno, na meno yalipoanza kuuma kelele zikasikika. Mwaka 2024 kampuni moja iliyopewa madai ya watumishi wapatao 19,000 ilifungua kesi dhidi ya makampuni zaidi ya 100. Makampuni yalijibu kwamba sheria inavunja uhuru wa kusema, kwamba kutangaza anwani ya mtu ni maneno, na maneno ni huru. Mwezi Novemba 2024 jaji wa shirikisho alikataa kuzifuta kesi hizo kwa hoja hiyo, nayo makampuni yakapeleka shauri kwenye mahakama ya rufani.

Hatuna budi kusema pia kwamba wapo wanaonung'unika kuona kampuni nyingine ikipata faida kwa kudai haki za watumishi. Manung'uniko hayo yana ukweli wake. Pale ambapo mfanyakazi hana chombo chake cha kumdai anayemwonea, atatokea mfanyabiashara kumfanyia kazi hiyo, naye atachukua fungu lake.

JE, SHERIA HII ITAWAFICHA WABADHIRIFU?

Swali hili tumeulizwa mara nyingi, na ni swali la mwananchi mwenye akili. Kwetu tunawajua wakubwa wanaopenda kujificha nyuma ya neno "siri". Mtu ajenge majumba matatu kwa mshahara wa mmoja, kisha aseme kuulizwa habari za majumba hayo ni kuingilia mambo yake ya nyumbani. Sheria ya namna hiyo hatuitaki.

New Jersey wamelikuta swali hili mahakamani. Mwaka 2023 mwandishi wa habari wa mji wa New Brunswick aligundua kwamba mkuu wa polisi wa mji huo alikuwa ameandikishwa kupiga kura katika mji wa Cape May, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari. Habari hiyo ni ya umma bila shaka. Wananchi wanaomlipa mkuu wa polisi wana haki ya kujua kama anakaa karibu nao au mbali nao. Lakini mwandishi aliipata pia anwani kamili, mtaa na namba ya nyumba. Alipozuiwa kwa Sheria ya Daniel asiitangaze, alikwenda mahakamani. Mwezi Juni 2025 Mahakama Kuu ya jimbo iliamua kwamba sheria haikuvunja haki yake. Anaweza kusema na kuandika kwamba mkuu huyo anakaa Cape May. Namba ya mlango haiongezi chochote katika hoja ya umma.

Sisi tunaona mpaka huo umechorwa mahali pazuri, ingawa utahitaji kulindwa kila siku, maana wakubwa watajaribu kuusogeza. Kazi ya mtumishi, mali yake ikiwa kuna shaka, na namna anavyotumia madaraka, hayo yawe wazi. Mlango wa nyumba, njia ya watoto kwenda shule na simu ya mkewe, hayo yafungwe. Anayetaka kumdai mtumishi haki yake ampate ofisini. Anayemtafuta usiku nyumbani hatafuti haki.

KARANI NAYE ANA MLANGO

Sasa tunafika kwenye jambo linalotuhusu sisi zaidi kama watu wa chama cha wafanyakazi. Someni tena orodha ya wanaolindwa na sheria zile. Majaji. Waendesha mashtaka. Polisi. Wote wanastahili, hatupingi. Lakini muuguzi wa zahanati yuko wapi? Mwalimu yuko wapi? Karani anayehesabu kura yuko wapi?

Mwaka 2020, katika wilaya ya Fulton, jimbo la Georgia, Ruby Freeman na binti yake Shaye Moss walifanya kazi ya kuhesabu kura. Hawakuwa wakubwa. Mama alikuwa mfanyakazi wa muda tu wa kipindi cha uchaguzi. Wakasingiziwa kwamba wameiba kura, uongo ambao ulikwisha kanushwa na wachunguzi. Vitisho vikamiminika. Watu wasiojulikana walifika mpaka nyumba ya bibi yake Shaye, wakataka kuingia kwa nguvu. Freeman alilazimika kuihama nyumba yake kwa miezi miwili hivi. Mwezi Desemba 2023 baraza la mahakama liliwapa fidia ya dola zipatazo milioni 148 dhidi ya wakili Rudy Giuliani, mmoja wa waliowasingizia. Fidia ni jambo jema, lakini dola hazikumrudishia mama yule usingizi wa miezi ile.

Mwaka huo huo wa 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, mganga mkuu wa wilaya ya Orange, California, aliagiza watu wavae barakoa. Anwani ya nyumba yake ikasomwa kwa sauti katika mkutano wa hadhara wa halmashauri. Kabla mwezi Juni haujakwisha alikuwa amejiuzulu.

Na mwezi Juni 2025, huko Minnesota, mbunge wa jimbo Melissa Hortman na mumewe waliuawa nyumbani kwao usiku na mtu aliyekuja amevaa kama polisi. Mbunge mwingine na mkewe walijeruhiwa usiku huo huo, nyumbani kwao pia. Katika hati za mashtaka, wapelelezi walieleza kwamba katika gari la mshtakiwa yalikutwa madaftari yenye majina ya viongozi wengi, na humo ilikuwamo orodha ya makampuni ya kutafuta anwani za watu.

Hatusemi kwamba dalali alihusika katika kila tukio tulilolitaja. Tunasema kwamba hatari haichagui cheo. Anayemtisha jaji kwa hukumu ndiye yule yule anayemtisha karani kwa kura, mwalimu kwa alama za mtihani, na mkaguzi wa afya kwa kufunga hoteli chafu. Tofauti ni kwamba jaji akilia analisikia Bunge. Karani akilia anaambiwa aombe likizo. Sheria inayomlinda mwenye sauti na kumwacha asiye na sauti ni sheria nusu.

Njia ya pili ni kumlinda kila mtu. California ilipitisha sheria mwaka 2023 ya kuweka mlango mmoja tu, ambapo mkazi yeyote, awe waziri au mfagiaji, anapeleka ombi moja, nalo linawafikia madalali wote walioandikishwa katika jimbo, wafute habari zake. Sheria iliagiza kwamba kuanzia Agosti 2026 madalali wawe wanayashughulikia maombi hayo. Kwa maoni yetu, njia hii ndiyo yenye usawa zaidi. Haihitaji mtu auawe kwanza ndipo kazi yake iongezwe kwenye orodha.

FAILI LA MFANYAKAZI

Kuna atakayesema: mimi si mtumishi wa umma, ni mfanyakazi wa kiwanda, au mchuma chai. Dalali ana haja gani na mimi? Ndugu huyo asikilize habari hii ya Uingereza.

Mwaka 2009 wakaguzi wa serikali waliingia katika ofisi ndogo katika mji wa Droitwich. Walikuta kadi zenye majina ya watu 3,213, wengi wao wafanyakazi wa ujenzi. Kwenye kadi hizo iliandikwa nani ni mwanachama hodari wa chama, nani alilalamika kwamba ngazi si salama, nani aliongoza mgomo. Makampuni ya ujenzi zaidi ya 40 yalikuwa yakinunua habari hizo, kwa ada ya mwaka na pauni 2 na peni 20 kwa kila jina linaloulizwa. Fundi anakwenda kuomba kazi, anaambiwa nafasi zimejaa. Anakwenda kwingine, zimejaa. Miaka inapita, watoto wanakosa, ndoa zinavunjika, naye hajui kwamba jina lake limeuzwa kwa bei isiyotosha chakula cha mchana. Msimamizi wa ofisi ile alitozwa faini ya pauni 5,000 tu. Vyama vya wafanyakazi havikukubali mambo yaishie hapo. Mwaka 2016 makampuni makubwa yaliomba radhi mbele ya mahakama na kulipa mamilioni ya pauni.

Biashara ya jaji na biashara ya fundi ni moja. Anayeweza kuuza mlango wa jaji anaweza kuuza uanachama wako.

KWETU TUKOJE

Sheria tunazo. Kenya na Uganda zilitunga za kwao mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, na Tanzania mwaka 2022, nayo ya Tanzania ikaanza kutumika Mei 2023. Zote zinakubaliana katika jambo la msingi: habari za mtu zichukuliwe kwa sababu inayojulikana, zitumike kwa sababu hiyo, na mwenyewe awe na haki ya kuuliza zilizopo na kusahihisha zilizo za uongo. Haki hiyo ni ya kila mtu, si ya jaji peke yake. Hapo tumewatangulia Wamarekani, ambao nchi nzima hawana sheria moja ya namna hiyo.

Lakini sheria iliyofungiwa kabatini haimlindi mtu. Nani kati yetu hajapata kuona mikopo ya simu ikimwaibisha mfanyakazi? Umekopa wewe, anapigiwa nyapara wako, anapigiwa shemeji yako, anapigiwa mchungaji wako. Mwezi Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza kampuni moja ya mikopo ya namna hiyo faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya, kwa kutumia majina na namba zilizopatikana kwa watu wengine na kuwapelekea vitisho. Faini ile ilianza kwa watu waliokataa kunyamaza wakapeleka malalamiko.

TUFANYE NINI

Kwanza, kila tawi limwandikie mwajiri kumwuliza: mnaweka habari gani juu yetu, nani anazisoma, na mnampa nani nje ya kampuni? Mwombe ajibu kwa maandishi.

Pili, karatasi za majina zenye namba za vitambulisho, namba za simu, madeni au maradhi zisibandikwe ukutani. Kitabu cha zahanati ya shamba kisomwe na mganga, kisisomwe na meneja.

Tatu, jambo hili liingizwe katika mkataba wa hali bora, na ndani yake adhabu iandikwe. Tumekwisha kuona kwamba kisicho na meno hakiumi.

Nne, tuanze na nyumba yetu. Daftari la wanachama lifungiwe. Karatasi ya mahudhurio ya mkutano isiachwe juu ya meza. Jina la mwanachama lililoanguka mikononi mwa mwajiri mbaya ni sawa na zile kadi za Droitwich.

Tano, kila mmoja wetu awe mchoyo kidogo wa namba yake. Anayekuja na zawadi ya kofia na karatasi ya kujaza, mwulize kwanza: karatasi hii inakwenda wapi?

Sita, vyama vya walimu, wauguzi na watumishi wa serikali vikidai ulinzi wa wanachama wao, sisi wa viwandani na mashambani tuviunge mkono. Mkaguzi wa kazi anayeogopa kwake hatakagua kiwanda chetu. Muuguzi anayetishwa nyumbani hatakaa katika zahanati yetu. Karani wa kura akikimbia, kura zetu zitahesabiwa na nani?

Ndugu wafanyakazi, mtumishi mwoga hutumikia wenye nguvu. Tukitaka mtumishi anayeweza kumwambia tajiri "hapana" saa nne asubuhi ofisini, lazima awe na hakika kwamba saa nne usiku hakuna asiyemjua atakayegonga kwake. Ulinzi huo ni wake, na faida yake ni yetu.

Umoja ni nguvu.